Kiprugut Hakungoja

Usiku wa Januari 28, 2024, tulikuwa watatu sebuleni kwetu upande wa Litein: mimi, binamu yangu, na baba aliyejifunika blanketi kwenye kochi akidai amelala. Simu ya binamu tulikuwa tumeiegemeza kwenye thamosi ya chai. Bando lilikuwa langu. Baltimore Ravens walikuwa kwao wakicheza na Kansas City Chiefs, mshindi aende Super Bowl, na mimi nilikuwa nyuma ya Lamar Jackson kama kawaida. Kule ilikuwa alasiri, huku kwetu majogoo ya kwanza yalikuwa karibu kuwika. Ravens wakalala 17–10.

Binamu hakunipa hata dakika ya kuomboleza. “Si nilikwambia? Kwotabeki wa kukimbia habebi kombe. Hiyo ni sarakasi.”

Nikamwambia hata Mahomes aliyemshinda anakimbia. Akasema Mahomes hukimbia akitafuta nafasi ya kurusha, lakini huyu wangu hukimbia kwa sababu anajua kukimbia. Tukapandishana sauti. Ndipo blanketi likaongea.

“Hiyo ni kesi ya Kiprugut,” baba akasema. “Laleni.”

Sikulala. Nilikuwa nimekulia maneno “kesi ya Kiprugut” bila kuyauliza. Babu aliyatumia kwa mtu aliyeuza ndama mapema, kwa aliyeoa kabla ya kumaliza kujenga, kwa mwanasiasa aliyetangaza azma yake miaka miwili kabla ya kura. Kisha baba akayarithi, na mwaka nilioacha chuo, nikiwa wa tatu, karo imenishinda na hamu pia imeniisha, aliyatumia kwangu. Hakunigombeza. Alisema tu, “Ungengoja kidogo. Hii ni kesi ya Kiprugut.” Kwa hiyo nina sababu zangu za kutaka kujua kama Kiprugut alikosea.

Kwanza niwasaidie ambao hawafuatilii mpira wa Wamarekani. Kwotabeki ndiye hupokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi. Majitu matano husimama mbele yake kama ukuta, na nyuma ya ukuta huo hubaki kaeneo kadogo ka usalama ambako wenyewe hukaita mfuko. Shule ya zamani inasema ukae ndani ya mfuko, utulie, usome uwanja, urushe. Tom Brady aliishi humo misimu 23 na akatoka na mataji saba ya Super Bowl, na mbio zake, nikisema kwa heshima zote, zilikuwa za ng'ombe aliyeshiba. Shule ya pili inasema mfuko ukianza kubomoka utoke, na wengine hutoka hata kabla. Michael Vick mwaka 2006 alikimbia yadi 1,039 katika msimu mmoja, jambo ambalo hakuna kwotabeki aliyekuwa amelifanya. Lamar mwaka 2019 akafikisha 1,206 na kuchaguliwa mchezaji bora kwa kura zote, bila hata moja kupotea. Lakini kila Januari akitolewa, mjadala huanza upya: angetulia mfukoni.

Sasa turudi Kericho.

Wilson Kiprugut Chuma alizaliwa huku mwaka 1938, wakati mashamba makubwa ya Waingereza yalikuwa yameshaenea vilimani na Mwafrika hakuruhusiwa kulima chai yake mwenyewe. (Hilo Chuma halihusiani na chuma cha reli wala kuchuma majani. Ni jina la ukoo, na magazeti mengine huliandika Chumo. Lakini ukiwa mtoto wa Kericho unayejifunza Kiswahili shuleni, lazima ulicheke.) Akaingia jeshini, akawa mkimbiaji wa mita 800, na alikuwa na kasi ya kutosha hata kwa mita 400: kwenye Michezo ya Afrika ya kwanza, Brazzaville mwaka 1965, alishinda zote mbili.

Mita 800 ni mizunguko miwili, na ina shule mbili zilezile. Kuna anayekaa nyuma, anavizia, anajificha upepo mgongoni mwa wenzake, kisha anafyatuka mita 100 au 150 za mwisho. Na kuna anayeshika mbele mapema na kuwaambia wengine wafuate wakiweza. Wa mbele ndiye anayepasua upepo kwa niaba ya wote. Pia hana macho kisogoni. Wa nyuma anamwona kila hatua. Yeye anasikia tu viatu.

Kiprugut alikuwa wa mbele.

Tokyo, Oktoba 1964. Kenya ilikuwa haijamaliza mwaka mmoja ya uhuru. Katika nusu fainali Kiprugut na George Kerr wa Jamaika walimaliza wote kwa 1:46.1, rekodi mpya ya Olimpiki. Kwenye fainali Kiprugut akashika mbele mzunguko wa kwanza. Peter Snell wa New Zealand, bingwa mtetezi na mwenye rekodi ya dunia, alikuwa amezibwa ndani, hana pa kupitia. Akafanya kitu cha mtu anayejiamini sana: akarudi nyuma, akazunguka kwa nje, akawapita wote. Snell 1:45.1, Bill Crothers wa Kanada 1:45.6, Kiprugut 1:45.9, Kerr nyuma yake kwa muda uleule. Shaba. Medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Kenya, ya mwanamume wa Kericho, kabla ya dhahabu hata moja ya Kipchoge Keino. Waulize wenzako watano mjini medali ya kwanza ya Kenya ilipatikana na nani. Mimi nimeuliza, na wanne walisema Kipchoge.

Miaka miwili baadaye, Kingston, Michezo ya Jumuiya ya Madola: fedha, nyuma ya Mwaustralia Noel Clough. Halafu Mexico.

Mexico 1968 ndiyo “kesi” yenyewe. Jiji lile liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Kericho nako si mbali na hapo. Dunia nzima ilikuwa inalalamika kuhusu hewa nyepesi, na huku kwetu watu walikuwa wanacheka. Tarehe 15 Oktoba Kiprugut alishika mbele kama kawaida yake. Mzunguko wa kwanza alipita kwa kama sekunde 51. Akaongoza kona, akaongoza mnyoosho wa nyuma, akaongoza kona ya mwisho. Ralph Doubell, Mwaustralia mwingine, alikuwa anavizia. Katika mnyoosho wa mwisho akatoka na kumpita. Doubell 1:44.3, sawasawa na rekodi ya dunia ya Snell. Kiprugut 1:44.5.

Sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa mwendo ule ni kama mita moja na nusu. Babu hakuwa na hesabu hizo lakini alikuwa na kipimo chake: “Nafasi ya mstari na mstari wa majani chai.” Nimekwenda kupima shambani kwetu kwa futi kamba, na mzee hakuwa mbali.

Hapo ndipo msemo ulipozaliwa kwetu nyumbani. Angengoja, babu alisema. Angemwacha Mwaustralia apasue upepo.

Nimeifikiria hoja hiyo mwaka mzima sasa na sioni kama inasimama. Siku tano baada ya fedha ile, uwanja uleule, Keino alikabiliana na Jim Ryun wa Marekani katika mita 1500. Ryun alikuwa na mwisho wa kutisha, kila mtu alijua ukimpeleka polepole amekumaliza. Kwa hiyo Ben Jipcho akajitoa sadaka, akavuta mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, kisha Keino akashika mbele na hakuangalia nyuma. Alishinda kwa kama mita 20. Hakuna aliyesema Keino angengoja. Ule ulikuwa mkakati uleule wa Kiprugut: wapeleke mbio tangu mapema, hewa nyepesi imalize kazi.

Tofauti ni mbili na zote hazihusu akili. Ya kwanza, Keino alikuwa na Jipcho, Kiprugut hakuwa na mtu. Ya pili ni urefu. Hewa ya mlimani huchukua muda kumkaba mtu wa tambarare. Katika mita 1500 Ryun alikuwa na dakika tatu na nusu za kukabwa. Katika 800 mbio zinaisha kabla dawa haijaingia vizuri. Kiprugut alikuwa na jibu sahihi, akapewa swali fupi. Na bado, ili kumshinda, mtu alilazimika kufikia rekodi ya dunia! Muda ule wa Doubell ulikaa kama rekodi ya Australia miaka 50, hadi 2018, ulipovunjwa na Joseph Deng, kijana aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapahapa Kenya. Historia wakati mwingine ina utani.

Wakati nikisoma haya nikakutana na tarehe nyingine. Oktoba 6, 1968, siku tisa kabla ya fainali ya Kiprugut, kijana anayeitwa Marlin Briscoe alianza mechi kama kwotabeki wa Denver Broncos. Alikuwa Mwamerika mweusi wa kwanza kuanza katika nafasi hiyo katika zama za kisasa za mchezo ule wa kulipwa. Alikuwa mfupi kwa vipimo vyao, mwepesi, anatoka mfukoni na kurusha akikimbia, na wakambatiza Mchawi. Msimu ule alirusha mipira 14 ya alama, iliyokuwa rekodi ya klabu kwa mgeni wakati huo. Msimu uliofuata hakupewa hata nafasi ya kuigombea kazi yake. Akaenda Buffalo kucheza kama mpokeaji wa mipira, na hakuwahi kurudi kuwa kwotabeki wa kuanza. Alipata mataji mawili ya Super Bowl na Miami, akiwa mpokeaji.

Hapo ndipo ugomvi wa mfuko na mbio unapoacha kuwa wa mpira tu. Fran Tarkenton, mzungu, alikuwa akizurura nje ya mfuko tangu 1961, akapoteza Super Bowl tatu, watu wakamcheka lakini hakuna aliyemwondoa kwenye kazi ya kwotabeki. Warren Moon, mweusi, alikuwa mrushaji halisi wa mfukoni, mkono wa dhahabu, na mwaka 1978 hakuna timu ya ligi ile iliyomchagua. Akaenda Kanada, akashinda mataji matano huko ndipo wakamwita. Yaani ukikimbia huna akili, na usipokimbia bado hatukuamini. Hata Lamar mwaka 2018 alichaguliwa wa 32, na kuna waliosema hadharani ahamie nafasi ya mpokeaji.

Wakimbiaji wetu wamepewa lugha hiyohiyo kwa miongo. Mzungu akishinda ni mbinu, ni kocha, ni maandalizi. Mkalenjin akishinda ni maziwa, ni miinuko, ni kukimbia kwenda shule. Akishindwa, basi hakutumia kichwa. Ninachokasirikia zaidi ni kwamba tuliimeza lugha hiyo sisi wenyewe, tukaifanya methali ya sebuleni hapa Litein.

Ukivuka Bomet kuelekea Trans Mara unafika Kilgoris, kwao David Rudisha. Baba yake, Daniel, alikuwa Mexico mwaka uleule wa 1968 na akapata fedha ya kupokezana mita 400 mara nne, kwa hiyo alikuwa timu moja na Kiprugut. Tarehe 9 Agosti 2012, London, mtoto wa Daniel alishika mbele tangu mwanzo wa fainali ya mita 800, bila mtu wa kumvutia kasi. Mzunguko wa kwanza sekunde 49.28. Hakuna aliyemkaribia. 1:40.91, rekodi ya dunia. Aliyemaliza wa mwisho, Andrew Osagie, alipata 1:43.77, muda ambao ungeshinda dhahabu kwenye Olimpiki tatu zilizotangulia. Ungemshinda Doubell pia. Kila mtu alisema ni mbio bora za mita 800 kuwahi kukimbiwa, na zilikuwa mbio za Kiprugut, zile zile, ila safari hii hakuna aliyefika.

Briscoe alifariki Juni 2022. Kiprugut akafuata Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 84, huku Kericho. Siku ile nilikuwa kwenye foleni ya matatu na habari ikapita kwenye simu yangu kati ya matangazo mawili ya mikopo.

Mwezi uliopita nikaitafuta fainali ya Mexico mtandaoni, nikamwonyesha baba. Alikuwa ametoka kupeleka majani kituoni, buti bado zina matope. Maisha yake yote alikuwa akiisikia tu, hajawahi kuiona. Alishika simu kwa mikono miwili. Kiprugut alipopita kwenye kengele akiongoza, alinong'ona kitu kwa Kipsigis ambacho sikukishika. Doubell akatokea, akapita. Baba akakaa kimya.

“Aliongoza mbali hivyo?” akauliza.

“Karibu zote.”

“Babu yako hakusema hivyo. Alisema alichoka mapema.”

Akanirudishia simu, kisha akaichukua tena. Akataka nirudishe mwanzo. Tukaitazama mara nne, na mara ya mwisho aliniambia nisimamishe kwenye kona, Doubell akiwa bado nyuma. Akavua buti, akamimina chai, akauliza kama yule kijana wa Baltimore anacheza Jumapili.