Nafaka Iliyovuka Maji

Mwaka 2022 mahamri ya nyanya yalipungua. Si idadi, ni ukubwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea wateja wake asubuhi hapa Mtongwe, maana nilikuwa nimeacha chuo na sina kazi nyingine ya maana. Matusi yote nikayala mimi. "Mahamri gani haya, au siku hizi mwatuuzia vifungo?" Nikirudi kumwambia nyanya, jibu lake ni moja: "Waambie kuna vita."

Vita vyenyewe vilikuwa Ukraine. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya hutoka nje, na Urusi na Ukraine zilikuwa miongoni mwa nchi zinazotuuzia. Bei ya unga ikapanda. Nyanya hakutaka kupandisha bei ya hamri, basi akapunguza donge.

Mwezi wa saba ukafika, na mahindi yake nyuma ya nyumba yakawa tayari. Ni kishamba kidogo tu, alichopanda masika. Kwake mahindi ya kwanza hatuyaonji. Huyagawa kwa majirani na watoto wa madrasa, ndipo sisi tuchome yetu. Mwaka huo nilichukia. Nikamuuliza, "Nyanya, unga umepanda hivi, na wewe wagawa mahindi?"

Akanitazama. "Mjukuu wangu, hii mvua nililipia?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma, tabia pekee ya chuo iliyonibakia.

Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawalimi nafaka. Chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka pwani ya bara. Hakuitaja Mtongwe, lakini hebu fikiria. Leo mtu wa kisiwani akisikia unatoka ng'ambo ya feri anakuona mshamba. Karibu miaka 700 iliyopita, sima yake ilitoka kwa washamba.

Nafaka ya zamani hizo haikuwa mahindi. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, yalitufikia baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Chakula chetu kilikuwa mtama. Ulisagwa ukasongwa sima, au ukaumuliwa na kuokwa mkate wa mofa, unaobandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo. Ukitafuta mkate wa shukrani wa pwani hii, nadhani ni huo, wala si boflo.

Wakulima hao walikuwa na kalenda yao ya jua. Siku 365 zilihesabiwa kwa makumi, miongo 36, na siku 5 za ziada. Mtu alijua mwongo wa kupanda na mwongo wa kuvuna. Mwanzo wake ni Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi, Zanzibar, wanaiita Mwaka Kogwa. Mombasa ng'ombe alizungushwa mji kabla ya kuchinjwa, watu wakala pamoja na kuomba dua ya heri. Kwa kuwa kalenda hiyo haina mwaka mrefu, sikukuu hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Katikati ya karne ya 19 iliangukia mwishoni mwa Agosti. Sasa huangukia Julai, pale pale mahindi ya nyanya yanapokomaa.

Lakini hadithi ya mavuno haikuwa dua na ng'ombe pekee. Karne ya 19 nafaka ya pwani hii ilipakiwa majahazini kupelekwa Uarabuni. Malindi, iliyofufuliwa miaka ya 1860 chini ya sultani wa Zanzibar, ikawa ghala la mtama. Waliolima mashamba yale walikuwa watumwa. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Sina shaka kuna mtu ng'ambo ya bahari aliyekula mtama ule akasema alhamdulillahi kwa moyo safi. Ila shukrani inayomtaja Mungu na mvua ikamruka mwenye jembe ina deni.

Hapo ndipo nilipomwelewa nyanya. Kwenye Uislamu shukrani ya mavuno ina hesabu. Nafaka iliyonyeshewa na mvua hutolewa zaka sehemu moja ya kumi. Ukimwagilia kwa gharama yako, ni moja ya ishirini. Yaani jasho lako limetambuliwa, na mvua ya bure ina madai makubwa zaidi. Zaka hiyo huwa wajibu mavuno yakipita kilo 600 na kitu. Kishamba chetu hakijawahi hata kukaribia. Nyanya halazimiki kutoa chochote. Anatoa tu.

Jioni nikishuka ufuoni naziona kreni za Kilindini ng'ambo ya maji. Zamani nafaka iliondoka Mombasa, sasa inaingia. Julai, wakati nyanya anavunja mahindi yake, kaskazini mwa dunia nako wanavuna ngano, na baadhi yake itaishia kwenye sufuria lake la mafuta. Mwaka ule kuna waliovuna huku wakisikiliza mizinga. Nyanya hawajui kwa majina. Lakini aliposema "waambie kuna vita", naona hakuwa akitoa udhuru. Alikuwa anawataja.

Kesho yake nilipeleka mahamri kama kawaida, madogo vilevile. Kila mteja nikamwekea na hindi moja bichi. Yule wa vifungo akaniuliza ni la nini.

"Kwa mvua," nikamwambia.

Akacheka, akalichukua.