Kiatu cha shampioni: kutoka Bikila mpaka Kipchoge, nani anafaidika?



Juzi ku soko ya Kilokwa, dogo mumoja wa mutaa yetu alinionyesha bilatu alitoka kununua mu tombola. "Mukubwa, ona! Njo bile Kipchoge anavalaka." Alilipa dola 20. Yeye ni motari, hakimbie. Anakaa ku pikipiki tangu asubuhi mpaka mangaribi. Nilicheka, lakini usiku nikajiuliza: zile dola 20, alinunua kiatu ao alinunua Kipchoge?

Sisi wa agronomie tuko na njia ya kujibu ulizo kama hilo. Kuko shamba la majaribio, na kuko shamba la maonyesho. Mu shamba la majaribio unapanda mbegu mpya pembeni ya témoin, ile sehemu isiyopewa kitu, ili ulinganishe. Mbegu inaweza kushinda, inaweza kuanguka, na yote unaandika. Shamba la maonyesho ni ingine: pale mbolea, maji na palizi vimetayarishwa vyote, ili mugeni akifika asifu. Historia ya wanamichezo wanaolipwa na makampuni iko vile vile. Kuko siku shampioni ni jaribio la kweli, kuko siku ni onyesho tu.

Tuanze na témoin. Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, Abebe Bikila wa Etiopia alikimbia marathoni ya Olimpiki bila viatu. Alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda uliokuwa bora kuliko yote duniani mpaka siku ile. Fikiria wewe ni mufanyabiashara wa viatu na unasikia habari hiyo! Mwaka uliofuata Bikila alienda kukimbia Japani, na Kihachiro Onitsuka, mwenye kampuni ya Onitsuka Tiger, alimufuata mwenyewe kumuomba avae viatu vyake. Akavaa, akashinda. Tokyo 1964 alikuwa na Puma miguuni, akashinda tena. Miguu mitupu, Tiger, Puma: mutu ni yule yule, na medali ilikuja tu. Kumbe kampuni njo ilimuhitaji Bikila kuliko yeye alivyoihitaji.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1974, kule Misri, Léopards wa Zaire walichukua Kombe la Afrika, na Mulamba Ndaye alifunga bao 9. Mpaka leo hakuna aliyezifikia katika kombe moja. Miezi michache nyuma yake walienda Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, na jezi za Adidas zenye kichwa cha chui kifuani. Mechi 3, bao 14 ndani, hata bao moja hawakufunga. Mudhamini wao mukubwa alikuwa Mobutu, na mapenzi yake yaliisha na ile 9-0 ya Yugoslavia. Mulamba alifariki mwaka 2019 huko Afrika Kusini, baada ya miaka mingi ya ukosefu. Sifa ya rais siyo mkataba. Kampuni inaweza kukunyonya, lakini karatasi iliyosainiwa unaweza kuibeba mbele ya muzuzi.

Dikembe Mutombo, muzaliwa wa Kinshasa, alienda njia ingine. Aliingia Denver Nuggets mwaka 1991, na kisha Adidas ikatoa kiatu chenye jina lake. Mutoto wa Kinshasa, jina lake ku kiatu kinauzwa Marekani! Sisemi viatu njo vilijenga hospitali. Mishahara ya NBA ni kubwa. Lakini jina lile linalouza viatu linaweza pia kukusanya pesa, na mwaka 2007 hospitali ya Biamba Marie Mutombo, jina la mama yake, ilifunguliwa Kinshasa.

Turudi kwa Kipchoge. Berlin, Septemba 2015, Nike walimupa viatu vipya vya kujaribu. Mbio bado mwanzoni, soli za ndani zilianza kutoka, zikawa zinapiga-piga pembeni ya miguu mbele ya kamera za dunia nzima. Hakusimama. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4, vidole vikitoka damu. Kwangu, njo siku shampioni alimusaidia munuzi kuliko zote: kasoro ilionekana kweupe, na kampuni haikuweza kuificha. Ile ni shamba la majaribio. Lakini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alipokimbia 1:59:40, kulikuwa na wakimbiaji wenza 41 wa kumukinga upepo kwa zamu, gari mbele ikionyesha mwendo, na kiatu ambacho hakikuwa bado sokoni. Ni kazi kubwa ya binadamu, ninaiheshimu, lakini haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Ile ni shamba la maonyesho. Mwaka 2020 World Athletics iliweka mupaka: soli ya kiatu cha barabarani isipite milimita 40.

Juu ya nini ninawaambia haya? Juu siyo viatu tu. Baba mudogo aliona picha ya mulima-mufano, muhindi mirefu, ngunia zimejaa mpaka dari. Akakopa, akanunua mbegu ile. Hakuna aliyemuambia kama yule wa picha alipewa mbolea bure na agronome wa kumutembelea kila juma. Baba mudogo alikuwa na jembe na mvua ya Mungu tu. Alivuna kidogo kuliko mbegu yake ya zamani, na deni alilipa na mbuzi mbili.

Sikatae makampuni yalipe mashampioni. Vijana wetu wanaokimbia na wanaocheza mupira hapa Beni na Butembo wapate mikataba hiyo, na waisome vizuri mbele ya kusaini. Lakini sisi wanunuzi, tukionyeshwa shampioni, tuulize: témoin iko wapi?

Dogo wangu nilimuambia vile. Akaangalia bilatu yake, akasema: "Lakini mukubwa, ni birembo." Kweli, ni birembo. Kwa urembo, dola 20 ni zake.

Ninyi mulioko ku terrain, ni shamba gani la maonyesho liliwadanganya? Andikeni hapa chini.