Kesi ya Risasi ya Owino Uhuru

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Msemo huu una hekima yake njiani, mtu akutanapo na fahali aliyekata kamba. Lakini ukigeuzwa kuwa kanuni ya nchi, mnyonge hatasaliwa na mahali pa kusimama. Katika historia ya Kenya ya karne hii iko kesi moja ambayo wakazi wa kitongoji maskini walikataa kumpisha mwenye nguvu. Yafaa kila mwanafunzi aijue, kwa sababu chanzo chake ni kitu ambacho sisi tulio Eldoret hukiona kila siku, nacho ni betri kuukuu.

Betri ya gari ilibuniwa mwaka 1859 na Mfaransa aitwaye Gaston Planté. Mpaka leo muundo wake haukubadilika sana: ni vibamba vya madini ya risasi vilivyotiwa ndani ya tindikali. Malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda hupita Nakuru na Eldoret hata Malaba, na kila moja hubeba betri yake. Ikiwa zima, betri ni mtumishi mwema asiyemdhuru mtu. Hatari yake huanza siku inapokufa. Hapo mwenyewe huiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nao huipeleka kwa wenye matanuri, kwani risasi yaweza kuyeyushwa na kutumiwa tena. Biashara hiyo si mbaya kwa asili yake. Ubaya hutokea pale ambapo tanuri limejengwa karibu na watu, moshi hauzuiliwi, na maji machafu huachwa yatiririke.

Risasi ni sumu isiyo na haraka. Haina harufu ya kumwonya mtu wala uchungu wa kumfanya ateme. Huingia kwa pumzi, kwa vumbi na kwa maji, ikafika katika damu, kisha ikajificha ndani ya mifupa kwa miaka mingi. Mtu mzima huugua maumivu ya tumbo, udhaifu wa viungo na shinikizo la damu. Mtoto huathirika zaidi, maana ubongo wake bado unakua. Akili hudumaa, na kilichopotea hakirudi. Mwanamke mja mzito aweza kumpitishia mtoto sumu hiyo kabla hajazaliwa.

Owino Uhuru ni kitongoji kilichoko upande wa Jomvu, katika Mombasa, chenye wakazi wapatao 3,000. Nyumba nyingi ni za udongo na mabati, na nyingine zilipakana na ukuta wa kiwanda. Kiwanda chenyewe, cha kampuni ya Metal Refinery, kiliyeyusha risasi ya betri kuukuu kuanzia mwaka 2007 hivi, chini ya mpango wa serikali wa kuvutia viwanda vya kuuza bidhaa nje ya nchi. Wengi walikipokea kwa furaha, kwa kuwa palikuwa na uhaba wa kazi. Haukupita muda mrefu kabla watu hawajaanza kukohoa, mifugo kufa, na watoto kushikwa na maradhi yasiyoeleweka.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri mama mmoja kijana, Phyllis Omido, awe kiungo kati yake na jamii. Baada ya muda mfupi mtoto wake mchanga aliugua sana. Alipopimwa, damu yake ilionekana kuwa na risasi, naye mama akatambua kwamba sumu ile ilimfikia mtoto kwa njia ya maziwa yake mwenyewe. Akaacha kazi. Akawashawishi wenzake wapimwe, akaunda shirika la kutetea haki na mazingira, akaandika barua kwa wakubwa, akaongoza maandamano. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, lakini mahakama ikamwachilia huru. Hatimaye, mwanzoni mwa mwaka 2014, kiwanda kilifungwa. Mwaka uliofuata Omido alitunukiwa Tuzo ya Goldman, ambayo hutolewa kila mwaka kwa watetezi wa mazingira duniani.

Hapa yatupasa kuuliza: je, wakati ule Kenya haikuwa na sheria? Ilikuwa nayo. Tangu mwaka 1868 mahakama kuu ya Uingereza, katika kesi ya Rylands na Fletcher, ilikuwa imetamka kwamba mtu aletaye kitu cha hatari katika ardhi yake hukiweka kwa dhamana yake mwenyewe. Kikitoroka na kumdhuru jirani, atalipa. Kanuni hiyo tuliirithi pamoja na sheria nyingine za Kiingereza. Mwaka 1999 Bunge letu lilitunga Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, na kutokana nayo ikazaliwa mamlaka ijulikanayo kama NEMA. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 42 chasema kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 chamruhusu yeyote aende mahakamani kuitetea haki hiyo, hata kama yeye mwenyewe hakupata hasara. Sheria, basi, ilikuwapo. Iliyokosekana ni miguu ya kuipeleka kiwandani.

Mwaka 2016 wakazi kumi, kwa niaba yao na ya kitongoji kizima, walifungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa. Walioshtakiwa walikuwa kampuni ya kiwanda, kampuni yenye ardhi, na pia wizara na mamlaka za serikali zilizopaswa kukagua na hazikukagua ipasavyo. Jambo hili la mwisho lina maana kubwa. Kampuni yaweza kujitetea kwamba ilipewa leseni. Lakini aliyetoa leseni akafumba macho naye ana lawama yake. Wakazi walileta ushahidi wa damu, wa udongo na wa maji, maana machozi peke yake hayapimwi kwa mizani ya sheria.

Tarehe 16 Julai 2020, Jaji Anne Omollo alitoa hukumu. Aliona kwamba haki za wakazi zilikuwa zimevunjwa, akaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe. Shangwe ikawa kubwa, lakini haikudumu. NEMA ilikata rufani, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikakitengua kiasi kile cha fidia. Wakazi hawakukata tamaa. Walipanda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwezi wa Desemba 2024 iliirudisha fidia ile ya bilioni 1.3. Tangu kiwanda kifungwe ilikuwa imepita karibu miaka kumi na mmoja. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2014 alikuwa tayari yuko katika madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Kisa hiki kina ndugu yake katika nchi ya mbali. Mashine za umeme ziitwazo transfoma zilitiwa zamani mafuta yenye kemikali zijulikanazo kwa herufi PCB, ambazo hazishiki moto upesi, lakini ni sumu isiyooza. Mwaka 1978, huko North Carolina katika Marekani, mafuta ya namna hiyo yaliyotoka katika kampuni ya transfoma yalimwagwa usiku kandokando ya barabara, kwa mwendo wa zaidi ya maili 200, ili kukwepa gharama ya kuyaharibu. Wahusika walishtakiwa wakatiwa hatiani. Lakini udongo uliochafuliwa ulitakiwa kupelekwa mahali, na serikali ikachagua wilaya ya Warren, ambako wengi wa wenyeji walikuwa watu weusi na maskini. Mwaka 1982 walilala barabarani kuyazuia malori, na zaidi ya watu 500 wakakamatwa. Twaona, basi, kwamba kumhukumu mkosaji ni jambo moja, na kuiondoa sumu bila kumtwika mnyonge mwingine ni jambo la pili.

Kenya imejifunga katika mambo hayo pia. Mwaka 2004 iliingia katika Mkataba wa Stockholm, ambao uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia PCB katika mitambo, na mwaka 2028 kuwa mwisho wa kuziharibu kwa njia salama. Lakini mkataba nao, kama sheria ya mwaka 1999, hauna miguu.

Kwa hiyo historia ya Owino Uhuru yatufundisha mambo matatu. Kwanza, leseni si kinga. Kampuni hujibu kwa madhara yake, na msimamizi hujibu kwa uzembe wake. Pili, haki hujengwa kwa ushahidi, na ushahidi hukusanywa na watu wenye subira waliojua kuuliza, kupima na kuandika. Tatu, haki ipatikanayo baada ya miaka mingi ni haki, lakini haiwezi kumrudishia mtoto akili iliyodumaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu uligharimu mabilioni.

Eldoret nayo ina Mahakama yake ya Mazingira na Ardhi. Lakini kazi iliyo bora hutangulia mahakama: kuuliza betri iliyokufa yapelekwa wapi, nani huivunja, na tindikali yake humwagwa katika mto gani. Swali hilo halihitaji wakili. Mwanafunzi yeyote aweza kuliuliza leo.