Deni la Kamari

Leo tusome habari za deni.

Zamani, utajiri wa Mkaguru ulikuwa mifugo na nafaka. Mwaka 1905 reli ilianza kujengwa Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907, kisha ikapita Kilosa. Mashamba ya mkonge yakalipa mshahara wa fedha. Mbuzi huonekana na jamaa wote; fedha hufichwa mfukoni, na usiku mmoja wa karata huimaliza.

Mwaka 1961 Sheria ya Mikataba ya Tanganyika ilisema mapatano ya kamari ni batili. Lakini mahindi uliyokopa kwa jirani ili watoto wale, hayo ni deni la haki.

Basi, ndugu msomaji, kwanza acha kamari, maana achezaye ili alipe huongeza deni. Pili, andika daftarini jina, kiasi na tarehe. Tatu, mwendee mdai wako kabla hajakujia. Kila mavuno, lipa kidogo mbele ya shahidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Swali: Kwa nini fedha hupotea upesi kuliko mbuzi? Jibuni kwa kuandika.