Safu ya lugha: Yuniti

Mkazi wa Kakamega ananunua tokeni kwa simu, anabonyeza tarakimu 20 kwenye mita, kisha anasema: "Nimepata yuniti kumi." Yuniti za nini? Neno limebaki bila mwenzake, kama mtu anayeagiza gorogoro mbili sokoni bila kutaja mahindi wala maharagwe.

Jina kamili ni kilowati-saa, yaani nishati inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Hiyo "saa" ya mwisho ndiyo tunayoipoteza, hata katika taarifa za habari, na inaniuma kila nikisikia mtu "ametumia kilowati tano". Kilowati hupima kasi ya kutumia. Kilowati-saa hupima kiasi kilichotumika. Hita ya kilowati 2 humaliza yuniti moja kwa nusu saa.

Ukiigeuza, yuniti moja ni jouli milioni 3.6, au kilokalori 860 hivi. Hesabu ya pili naipenda zaidi kwa kuwa inaingia jikoni: nishati hiyo imo katika gramu 240 hivi za unga wa mahindi. Tena, kama joto lisingepotea, ingechemsha lita 10 za maji ya nyuzi 20.

Na stima, ambayo jirani zetu Tanzania huiita umeme? Zamani neno hilo lilikuwa jina la meli ya mvuke. Bado moto umo ndani yake.