Wakantoni wa Bahari ya Hindi na Watoto Wao

Watu wa mbali hutaja Wachagga kana kwamba wote wana lugha moja. Sisi tukaao chini ya Kilimanjaro twajua ya kuwa Mmachame na Mrombo, kila mtu akisema kwa lugha ya kwao, hawaelewani. Basi jina la Wachina ni hivyo hivyo, na zaidi. China ni nchi kubwa mno, na mtu wa kaskazini akisikia maneno ya mtu wa kusini ni kama asikiaye ndege wakilia. Katika hao wa kusini wamo Wakantoni, na hao ndio nitakaowaeleza, kwa sababu tangu zamani wengi wao waliiacha nchi yao wakaja kukaa katika visiwa vya bahari yetu hii, wakazaa watoto, na watoto wao wakakua katika nchi isiyokuwa ya baba zao. Habari zao zatuhusu sisi wa Pasua kuliko adhaniavyo mtu, kama msomaji atakavyoona.

Kwao ni jimbo la Guangdong, nchi ya mito mingi, mashamba ya mpunga, mabwawa ya samaki, na miti ya mforsadi ambayo majani yake hulishwa viwavi wa hariri. Mji wake mkuu ni Guangzhou, ambao watu wa Ulaya waliuita Canton, na ndipo lilipotoka jina la Wakantoni. Tangu mwaka 1757 hata 1842 Mfalme wa China aliwaruhusu wafanya biashara wa Ulaya kutia nanga katika bandari hiyo moja tu. Kwa hiyo watu wa Canton waliwazoea wageni na merikebu zao mapema kuliko ndugu zao wa bara.

Walakini kuzoea merikebu si sababu ya kumfanya mtu aache kaburi la baba yake. Sababu ilikuwa dhiki. Waingereza walipigana na China tangu 1839 mpaka 1842 katika vita ya afyuni, wakaitwaa Hong Kong, ambayo haikurudishwa mpaka mwaka 1997. Tena tangu 1855 hata 1867 wenyeji wa Guangdong na jirani zao Wahakka walipigana wao kwa wao kwa ajili ya ardhi, watu wengi sana wakafa. Watu walikuwa wengi na mashamba machache, jambo ambalo Mchagga mwenye wana sita na kihamba kimoja hahitaji kuelezwa. Basi vijana wakapanda merikebu. Wengine walikwenda California kutafuta dhahabu, wengine Australia, wengine Malaya. Na wengine wakaja upande wetu, Mauritius, Réunion, Madagaska na Shelisheli.

Pengine msomaji atasema ya kuwa Wachina waliijua pwani yetu kabla ya hapo. Ndiyo. Jemadari Zheng He alisafiri na merikebu zake kubwa kati ya mwaka 1405 na 1433. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya Mfalme wa China, na bakuli za Kichina zilitiwa katika makaburi ya kale ya Kunduchi. Lakini wale walikuja wakarudi. Hawa ninaowasimulia walikaa.

Huko Mauritius Wachina walijenga hekalu lao katika mji wa Port Louis mwaka 1842. Kazi yao ilikuwa duka: mchele, mafuta, chumvi, samaki mkavu, na daftari la deni. Jambo moja la ajabu liliwapata katika majina. Desturi yao ni kutanguliza jina la ukoo, kisha jina la mtu mwenyewe. Karani wa serikali hakulijua hilo, akayaandika maneno yote kama alivyoyasikia, na jina zima la babu likawa jina la ukoo kwa wajukuu wote. Ndiyo maana ziko jamaa za Mauritius ambazo jina lao huanza na “Ah”, neno ambalo huko kwao si jina hata kidogo, bali ni la kumwitia mtu kwa mazoea. Mmoja wao, Sir Moilin Jean Ah-Chuen, ambaye jamaa zake walikuwa Wahakka wa jimbo lile lile la Guangdong, aliheshimiwa hata picha yake ikatiwa katika noti ya rupia 25. Huko Shelisheli rais wa kwanza, James Mancham, aliyeshika nchi tangu 1976 mpaka 1977, alikuwa na damu ya Kichina kwa upande wa baba.

Madagaska Wafaransa waliwaleta vibarua wa Kichina mwishoni mwa karne ya 19 kwa kazi za barabara na reli, lakini wengi wao hawakudumu. Waliodumu ni wenye maduka, karibu wote Wakantoni, na wengi walitoka wilaya moja, Shunde. Walitawanyika katika pwani ya mashariki, wakinunua kahawa, vanila na karafuu kwa wakulima, na kuwauzia nguo na vyombo. Wengi walioa wanawake wa Kimalagasi.

Na hapa kwetu Unguja walifika wachache katika miaka ya 1930. Biashara yao iliwachekesha wavuvi. Walitaka jongoo bahari, yule mnyama mlegevu alalaye mchangani, ambaye watu wa pwani hawamli. Walimchemsha, wakamkausha, wakampeleka Hong Kong pamoja na mapezi ya papa, na huko huliwa na matajiri katika karamu za arusi. Hivyo kitu alichokipita mvuvi wa Unguja bila kukitazama kikawa ada ya shule ya mtoto wa Kikantoni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wao waliondoka, baadhi yao wakahamia Dar es Salaam, na wengine nchi za mbali.

Sasa nije kwa watoto. Waliosafiri hapo mwanzo karibu wote walikuwa wanaume. Mke alibaki Guangdong kuwatunza wakwe zake na kufagia makaburi ya wazee, na mume akapeleka fedha. Alipooa tena ugenini, alioa mwenyeji. Basi mtoto aliamka asubuhi akasikia lugha ya mama yake, akatoka nje akasikia lugha hiyo hiyo kwa wenzake, na baba yake alikuwa nyuma ya meza ya duka tangu alfajiri hata usiku, akisema na wanunuzi kwa lugha yao. Maneno ya Kikantoni aliyoyasikia yalikuwa ya kuhesabu fedha na ya kukemewa. Lugha haifundishwi hivyo. Baba wengine walilitambua jambo hilo wakawapeleka watoto wao China wakiwa wadogo, wakalelewe na bibi na kusoma, kisha warudi. Na walipoanza kuja wanawake wa Kikantoni katika karne ya 20, watu walijenga shule zao wenyewe. Hapo ndipo lugha ilipopata nguvu kidogo.

Tena lugha yenyewe ni ngumu kwa asiyeinyonya pamoja na maziwa. Kikantoni kina sauti sita, na neno hubadilika maana kwa sauti yake, juu au chini, kupanda au kushuka. Ukisema “si” kwa sauti ya juu, ni shairi. Ukiipandisha, ni historia. Ziko sauti nyingine za “si” ambazo maana yake ni kujaribu, na wakati, na soko, na jambo. Wasomaji wangu wasishangae, maana Kichagga nacho kina mambo ya sauti namna hiyo, na Kiswahili hakina. Mtoto aliyekulia katika Kiswahili akijaribu kusema Kichagga, maneno yake yote hulala sawasawa, na bibi yake hucheka. Mtoto wa Kikantoni aliyekulia katika Krioli ya Mauritius huchekwa vivyo hivyo, tena na jamaa zake mwenyewe.

Yaliyodumu ni maneno ya jamaa. Wakantoni humwita babu mzaa baba “yeye”, na bibi mzaa baba “mama”, na bibi mzaa mama “popo”. (Nastaajabu kila nikifikiri jinsi maneno hayo yangesikika masikioni mwa watoto wa Unguja!) Mjukuu huweza kusahau yote akabaki na hayo matatu. Wazee nao walikuwa na jina la dhihaka kwa mtoto aliyezaliwa ng'ambo, hasa katika Marekani: walimwita “jook-sing”, maana yake mti wa mwanzi. Ndani ya mwanzi mna uwazi, lakini pingili zake zimezibwa, na maji yakitiwa upande mmoja hayatokei upande wa pili. Kwangu mimi naona neno hilo halikuwa haki. Aliyeziba si mtoto.

Chakula kilikwenda njia nyingine. Mkantoni hupenda wali, na samaki mzima aliyeivishwa kwa mvuke pamoja na tangawizi, na uji wa mchele uliochemka mpaka punje zimepasuka, na tambi za kukaanga. Asubuhi huenda “kunywa chai”, lakini chai hiyo huja na visahani vingi vya maandazi ya mvuke yenye nyama au kamba ndani yake, na watu hukaa wakizungumza hata adhuhuri. Salamu yao ya zamani ilikuwa kuulizana, “Umekwisha kula wali?” Mapishi haya hayahitaji maneno mengi. Mama wa Kimalagasi aliweza kusimama karibu na mumewe, akatazama mkono wake, akajua. Naye akamwonyesha binti yake. Jirani akaonja akapenda. Leo huko Madagaska tambi za kukaanga zauzwa kandokando ya njia na watu wasio na tone la damu ya Kichina, nazo huitwa “misao”, neno lililotoka kwa Wachina. Mauritius nako tambi hizo zimekuwa chakula cha watu wote, Wahindi na Wakrioli. Kwa chakula, aliyekuja maskini aliwapa wenyeji kitu, nao wakakipokea. Lugha yake hakuna jirani aliyeiomba.

Nilisema habari hizi zatuhusu. Pasua iko chini ya mji wa Moshi, upande wa tambarare, na hapa wanakaa Wachagga wa kila upande wa mlima, na Wapare, na watu wa makabila mengine waliofuata kazi tangu reli ilipofika Moshi mwaka 1911. Darasani kwangu niliwauliza watoto vyakula vya kwao. Mikono yote ilikuwa juu: mtori, kiburu, machalari, mmoja akaeleza mbege inavyopikwa, kwa ufasaha ulionitia wasiwasi. Kisha nikawaambia kila mmoja amsalimu bibi yake kwa lugha ya kwao. Wachache sana waliweza, na hata hao walisema kwa aibu. Mkantoni wa Toamasina alitengwa na bibi yake na bahari nzima. Mtoto wa Pasua akipanda gari asubuhi, kwa muda wa saa moja huwa amefika migombani kwa bibi yake. Na wakati wa Krismasi hupanda kweli, akala, akashiba, na mambo ya ukoo yanapozungumzwa huenda nje kucheza, kwa sababu hayasikii.

Wengine husema ya kuwa jambo hili haliepukiki. Mimi sikubali upesi, kwa maana mfano mwingine uko karibu nasi. Mwaka 1942 Wapolandi waliokimbia vita, yapata 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walianza kuletwa Tengeru karibu na Arusha, wakakaa huko miaka ipatayo kumi. Watoto wao walikula mahindi na ndizi za nchi hii, lakini walikuwa na mama zao, na shule zao za Kipolandi, na walipoondoka waliondoka na lugha yao. Yaani kwa hao chakula kilibadilika na lugha ikabaki, kinyume cha Wakantoni.

Tena siku hizi mjukuu wa Mkantoni atakaye kujifunza lugha ya babu yake hukuta taabu mpya. Akienda kwa mwalimu wa Kichina, hufundishwa Kimandarini, lugha ya serikali na ya shule za China bara. Ndiyo lugha waliyoisema mafundi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 mpaka 1975. Babu yake hakuijua. Hata katika mji wa Guangzhou wenyewe, mwezi wa Julai 2010 watu walitoka njiani kuitetea lugha yao, iliposhauriwa ya kuwa matangazo ya televisheni ya Kikantoni yapewe nafasi kwa Kimandarini.

Wale wanaume wa kwanza walipeleka nyumbani fedha pamoja na barua, katika bahasha moja, na wenzao wa China wakajibu ya kuwa fedha imefika na watoto wamekula. Barua hizo zilizohifadhiwa huko Guangdong na katika jimbo jirani la Fujian ziliandikwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Nyingine zimo bado masandukuni mwa jamaa. Zimeandikwa kwa brashi, kutoka juu kwenda chini, na mjukuu asiyefundishwa herufi hizo humtafuta mtu wa kumsomea, na mara nyingi mtu huyo naye ni mzee sana.