Studio Zisizo na Karatasi: Chuo Kikuu cha Columbia, 1994

Mwaka 1994 shule ya usanifu majengo ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, iliyokuwa chini ya uongozi wa Bernard Tschumi, ilianzisha madarasa yaliyokuja kujulikana kama studio zisizo na karatasi, ambamo wanafunzi waliziacha meza za kuchorea na kubuni majengo moja kwa moja katika kompyuta. Kompyuta yenyewe haikuwa ngeni katika fani hiyo, kwani mwaka 1963 Ivan Sutherland alikwisha kuonesha, kwa programu yake ya Sketchpad, kwamba mtu anaweza kuchora juu ya skrini kwa kalamu ya mwanga, na programu ya kuchorea ya AutoCAD ilikuwa sokoni tangu 1982. Hata hivyo, ofisini mashine ilipewa zaidi kazi ya kunakili kwa usafi wazo lililokwisha kukomaa kwenye karatasi, ilhali Columbia iliiingiza pale wazo linapozaliwa, na hapo ndipo ulipo uzito wa tukio hilo.

Walimu vijana, miongoni mwao Greg Lynn na Hani Rashid, walifundishia programu za watengenezaji filamu, kama Softimage, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imetumika kuwapa uhai dinosaria wa Jurassic Park. Kwa kuwa programu hizo zilitungwa kwa ajili ya vitu vinavyotembea, mwanafunzi alianza na umbo linalovutwa, kusukumwa na kupindwa, mpaka aamue mwenyewe pa kulisimamisha.

Badiliko kubwa zaidi, ambalo halitajwi mara nyingi, lilihusu skeli, yaani uwiano kati ya mchoro na jengo halisi. Kwenye karatasi skeli huchaguliwa kabla ya mstari wa kwanza: katika 1:100, ukuta wa sentimita 20 huwa na unene wa milimita 2, na anayeuchora huuhisi udogo huo mkononi. Kwenye skrini ukuta huchorwa kwa kipimo chake halisi, husogezwa karibu au mbali kwa kipanya, na uamuzi wa skeli huahirishwa hadi siku ya kuchapa. Uhuru huo ulizaa maumbo ambayo rula isingeyafikia, lakini humwezesha mwanafunzi kukesha akinakshi pindo ambalo mkaaji wa jengo hataliona kamwe. Kwa sababu hiyo skeli yafaa ifundishwe kwanza kwa mkono, hata katika chuo ambacho kila mwanafunzi ana kompyuta yake.